Zamu ya Tumpe Kukiri

Usiniulize jina la nchi hii. Ipo, ina bendera, ina wimbo, na ina kamati za kutosha kila ukoo kupata mwenyekiti wake. Mimi ni raia wake na ninaipenda, kwa hiyo lolote nitakalosimulia hapa naomba lichukuliwe kuwa ni sifa.

Mambo yalianza na mahindi. Tulikuwa na Ghala la Taifa, jengo kubwa la kuta nene, ambamo serikali ilituwekea mahindi ya mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa ukafika. Mheshimiwa Waziri wa Maghala akaenda kufungua mlango mbele ya kamera, amevaa kofia ngumu ya kazi, mkononi ameshika mkasi wa kukatia utepe. Utepe ukakatwa, mlango ukafunguliwa. Ndani mlikuwa na mwangwi tu.

Waziri wetu ni mwepesi wa akili. Alikohoa, mwangwi ukakohoa, akageuka na kutangaza kuwa panya wamekula. Mwandishi mmoja wa habari, asiye na adabu, akauliza kama panya hao wamekula na magunia. Waziri akasema ndiyo, na magunia. Na mizani? Na mizani. Na yale malori yaliyokuwa yakiegeshwa nyuma? Waziri akasema panya wa siku hizi hawachagui chakula, na mkutano ukafungwa kwa sala.

Ikaundwa Tume. Tume ikazunguka nchi nzima, ikalala kwenye hoteli nzuri, ikarudi na mambo mawili. Kwanza, panya hawawezi kulaumiwa peke yao kwa kuwa si raia. Lazima yupo mtu aliyewaachia mlango wazi, na mtu huyo hajajitokeza kukiri. Pili, kutojitokeza kwake ni ushahidi kwamba taifa limepungukiwa na tabia njema. Na kwa kuwa watu wazima wameshakomaa, na kuwabadilisha ni kuwasumbua bure, tabia njema ipelekwe kwa watoto, ambao bado wana nafasi ya kuiweka.

Baada ya tangazo hilo shule binafsi ziliota kila mtaa kama uyoga. Kila moja ilisimamisha barabarani ubao wenye maneno yaleyale, Taaluma na Tabia, na yenye ubao mkubwa zaidi ndiyo iliyosadikiwa kuwa na tabia zaidi.

*

Jirani yangu Lutengano alikuwa mpima ardhi wa halmashauri, mtu mpole, mwembamba, anayeomba radhi hata kwa kiti akikigonga. Mkewe Sekela alishona mapazia nyumbani kwa cherehani ya miguu. Walikuwa na mtoto mmoja, Tumpe, na ukuta kati ya nyumba yao na yangu ni mwembamba kiasi kwamba tulimlea sote.

Ukitaka kumwelewa mtoto huyo, sikia habari ya chupa ya chai. Kabla hajaanza hata darasa la kwanza, Tumpe aliangusha chupa ya mama yake, ile ya maua mekundu inayotolewa wageni wakija. Hapakuwa na shahidi. Paka alikuwa karibu, na angeweza kusingiziwa bila shida yoyote, maana alikuwa na historia. Tumpe akatoka mwenyewe uani, akamwambia mama yake, "Mama, chupa nimevunja mimi. Nilikuwa nakimbia, na ulishanikataza." Sekela alikuwa ameshainua mkono. Mkono ukashuka hivyohivyo, ukamshika mtoto kichwa.

Na kama si yeye, basi si yeye, umpe hata kreti nzima ya soda. Mwaka ule papai langu lilipotea mtini, nikamwita, nikamkazia macho. "Si mimi, baba mkubwa," akasema. Nikafoka, nikatisha kwenda kwa baba yake. "Si mimi," akasema tena, wala hakulia. Jioni nikakuta mbegu za papai kwenye kinyesi cha mbuzi wangu mwenyewe. Nilimnunulia biskuti, na nilizipeleka nikiwa nimeinamisha kichwa.

"Jirani," Lutengano aliniambia siku moja, tumeegemea ukuta wa uani kila mtu upande wake, "mtoto huyu amezaliwa na kitu. Mimi sina. Mama yake anacho kidogo. Kule shule ya umma wamejaa mpaka madirishani, hakuna atakayekiona, kitapotea tu. Nataka shule itakayompa elimu na kukilinda kitu hicho."

Nilimwambia hayo ni maneno ya mzazi mwenye akili. Mpaka leo naamini yalikuwa maneno ya mzazi mwenye akili, na hilo ndilo linaloniumiza.

*

Wakaanza kutafuta shule. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nina gari, na wao wanajua kulisukuma.

Shule ya kwanza ilisifika kwa unyenyekevu. Ofisini kwa mkuu wa shule kulikuwa na kabati la vioo limejaa vikombe vya unyenyekevu, vingine vikubwa kuliko ndoo. Akaitwa mwanafunzi bora atusalimie. Kijana aliingia kifua kizima kimefunikwa na nishani, akajaribu kuinama atuamkie, nishani zikamzuia, akaishia kututikisia kidevu.

"Huyu ndiye mnyenyekevu kuliko watoto wote nchini," mkuu akasema, "na yeye mwenyewe analijua hilo vizuri."

Shule ya pili ilijenga tabia kwa ukimya. Tulipita madarasani hatukusikia hata kikohozi. Watoto waliandika, walifuta, waliandika. Lutengano akauliza kwa sauti ya chini kama huwa wanauliza maswali. "Tulikuwa na tatizo hilo," mwalimu akajibu, "lakini tunashukuru limekwisha." Tumpe akamvuta mama yake kanga, wakatoka kabla yetu.

Ya tatu ilikuwa juu ya kilima, ina bustani na basi jipya la rangi ya njano. Tuliposhuka tu langoni akatujia binti mdogo mwenye tai, akasimama wima, mikono nyuma, macho chini. "Shikamooni. Nakiri kwamba nilipoliona gari lenu nilicheka moyoni. Nimewakosea ninyi na nimewakosea wenzangu." Mimi nilichukia. Lutengano alitoa leso akafuta macho.

Mkuu wa shule, Bi Filotea, alitupokea kwa juisi. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya taratibu, ya mtu asiyewahi kukatizwa.

"Ndugu wazazi," akasema, "shule nyingine zinafundisha watoto wasikosee. Hiyo ni ndoto. Sisi tunafundisha kukiri. Nchi hii inalia kwa sababu gani? Kwa sababu kosa lipo na mwenye kosa hayupo. Hapa kwetu kila Alhamisi, kipindi cha mwisho, kila darasa linatoa mkosaji wake. Anasimama, anakiri, wenzake wanamwambia umesamehewa, wanampigia makofi, wanakwenda nyumbani na mioyo myepesi. Tangu shule hii ifunguliwe, haijapita Alhamisi hata moja bila mkosaji!"

Sekela akaweka bilauri yake mezani. "Na wiki ambayo hakuna aliyekosa?"

Bi Filotea akacheka kwa upole. "Mama, hiyo ni nadharia."

Kisha akamgeukia Tumpe, akamuuliza kama amewahi kukosa. Tumpe akamweleza habari ya chupa ya chai, bila kuongeza wala kupunguza. Bi Filotea alisikiliza, akavua miwani, akaipangusa, akasema kipaji kama hicho hakijapata kupita katika ofisi ile. Tumpe alipokelewa hapohapo bila mtihani. Tulishuka kilima kile tukiimba, na gari liliwaka lenyewe.

*

Taaluma aliiweza. Hisabati, sayansi, kuandika insha, kote alikuwa mbele, na mwezi wa kwanza nyumba yote ilikuwa shwari. Halafu ikafika zamu yake.

Maana kukiri kulikwenda kwa zamu, kama kufagia. Alhamisi ile mwalimu wa ukiri, Mwalimu Sospeter, akamwita mbele. Tumpe akasimama, akafikiri, akafikiri tena kwa uaminifu kabisa, kisha akasema, "Wiki hii sijakosa, mwalimu."

Darasa likapigwa na butwaa. Mwalimu Sospeter, ambaye ni mtu wa huruma, akamwambia asiwe na wasiwasi, shule ina makosa ya akiba kwa ajili ya watoto waliosahau yao. Yeye atakiri kuwa aliiba chaki.

"Sikuiba chaki, mwalimu."

Mwalimu akaleta boksi la chaki amwonyeshe uzito wa jambo lenyewe. Akazihesabu mbele ya darasa. Zilikuwa zimetimia. Hapo ndipo hali ilipokuwa mbaya zaidi, kwa sababu sasa mtoto alikuwa amekataa kukiri na tena ameiaibisha shule kwa kutokuwa na kosa.

Wazazi wakaitwa. Lutengano alirudi kutoka huko amepauka, akaja moja kwa moja ukutani.

"Wanasema kichwa anacho," akaniambia, "lakini tabia hana. Wanasema mtoto asiyekiri akiwa mdogo, akikua anakuwa mtu wa kutafutwa na Tume. Asipokiri Alhamisi ijayo wanamwondoa, na wataandika sababu, na kwa sababu hiyo hakuna shule itakayompokea."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaongea naye. Ni mtoto mwelewa."

Aliongea naye Jumapili baada ya chakula cha mchana. Nimeshasema ukuta wetu ni mwembamba. Nisingeweza kutosikia hata kama ningetaka, na sikutaka.

"Baba, chaki mimi sikuiba."

"Najua, mwanangu."

"Mwalimu Sospeter naye anajua. Kazihesabu mbele yangu."

"Sasa si unaona? Wote tunajua. Uongo ni pale ambapo kuna mtu hajui. Hapa hakuna anayedanganywa."

Mtoto akauliza, "Kama wote mnajua, mnataka niseme ya nini?"

Nilimsikia Lutengano akikuna kichwa, kwa jinsi ukuta ulivyo. "Ili upate tabia njema, binti yangu. Useme mara moja tu, wakupigie makofi, yaishe."

"Mama?" Tumpe akaita.

Cherehani ilikuwa inaunguruma uani tangu asubuhi. Ikasimama. Ilisimama muda mrefu, nami nikajikuta nimesimama pia, namwomba Sekela kimoyomoyo aseme hapana. "Fanya anavyosema baba yako," akasema. Kisha cherehani ikaanza tena, kwa kasi, na mimi ninayeijua sauti yake nilijua kuwa inashona hewa.

*

Mara ya kwanza aliharibu. Alisimama mbele, mikono nyuma, akasema, "Niliiba chaki. Sikuiba, ila baba amesema niseme." Mtoto mmoja akacheka, akasimamishwa akiri kucheka kwake, na hivyo Alhamisi ikapata mkosaji na sifa ya shule ikaokoka.

Tumpe akawekwa kwenye masomo ya ziada ya Jumamosi. Huko Mwalimu Sospeter alimfundisha kazi yenyewe: mahali pa kutazama, mahali pa kuvuta pumzi, na jinsi sauti inavyotakiwa kukatika kidogo ukifika kwenye neno wenzangu. Chozi litoke jicho moja tu. Kulia kwa macho mawili ni ushamba. Na usiseme kosa tupu, alimwambia, liwekee sababu ndogo inayokuumiza wewe mwenyewe, ndipo watu wataamini.

Ni mtoto mwenye akili. Muhula haujaisha alikuwa amewapita wote. Alikiri chaki, alikiri ufagio, alikiri kuota ndoto mbaya kuhusu mwalimu mkuu. Wenzake walianza kumwomba awashikie zamu zao, naye akazishika, maana hakuona tofauti tena.

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Siku moja nilitoka nikakuta papai moja halipo mtini, na kabla sijafungua mdomo Tumpe alikuwa ameshasimama kwenye upenyo wa ukuta, mikono nyuma. "Ni mimi, baba mkubwa. Nililitamani kwa sababu limeiva vizuri, na wewe umekuwa mwema kwangu." Sauti ilikatika palepale panapotakiwa. Nilimsamehe, na moyo wangu ukawa mwepesi kama alivyoahidi Bi Filotea. Baadaye mke wangu akaniletea papai hilo kwenye sahani, amelikata vipande. Sikununua biskuti safari hii. Sikujua ningempa nikisema nini.

Lutengano alikuwa na furaha. Tukiegemea ukuta alinisimulia alama, alinisimulia sifa, alinisimulia jinsi wazazi wengine wanavyomwamkia yeye kwanza. Sikumuuliza habari za kile kitu alichotaka kilindwe. Na yeye hakukitaja.

*

Siku ya Wazazi mgeni rasmi alikuwa Mheshimiwa Waziri wa Maghala. Alifika amechelewa kwa heshima ya cheo chake, akakaa kwenye kiti chenye kitambaa cha maua, akalala kidogo wakati wa ngonjera. Ndipo akasimama Tumpe, akakiri kuvunja dirisha la bwalo, dirisha ambalo sote tuliliona likivunjwa na upepo asubuhi ileile.

Waziri akaamka. Mwanzoni alitega sikio moja, kisha yote mawili. Mtoto alipofika kwenye neno wenzangu, Mheshimiwa alitoa leso. Mtoto alipomaliza, Mheshimiwa alipiga makofi peke yake akiwa amesimama, mpaka walinzi wake nao wakaona ni salama kupiga.

"Ndugu zangu!" akanguruma kwenye kipaza sauti. "Nimezunguka mabara, nimekaa katika mikutano, nimesaini mikataba kwa kalamu za dhahabu, lakini tabia ya namna hii sijaiona! Kwa nini hazina hii ifungiwe juu ya kilima, hali taifa linaihitaji? Nasema mtoto huyu ni wa nchi nzima!"

Watu wakashangilia. Sekela peke yake hakushangilia. Alikuwa amekishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

Siku chache baadaye gari la serikali lilisimama mbele ya nyumba yao. Ofisa aliyeshuka alikuwa na adabu sana, alivua hata viatu. Alieleza kwamba Tume haiwezi kumaliza kazi yake kwa kukosa mkiri, na kwamba taifa linaomba kuazimwa Tumpe kwa asubuhi moja. Hakuna madhara. Mtoto hafungwi jela. Ndiyo maana ya kutafuta mtoto.

"Lakini hajawahi hata kufika huko ghalani," Sekela akasema.

Ofisa akakubali kuwa hoja hiyo ni nzito, na kwamba serikali haipendi uongo. Kwa hiyo, ili mambo yawe ya kweli, shule ikaandaa safari ya mafunzo. Basi la njano likawapeleka watoto kwenye ghala tupu, Tumpe akaonyeshwa mlango, akaufungua, akaambiwa auache wazi, wakampiga picha. Sasa alikuwa ameufungua. Kwamba mahindi yalikwisha kabla ya hapo lilikuwa suala la tarehe, na tarehe, ofisa alisema, ni kazi ya makarani.

*

Ukiri wake ulionyeshwa kwenye televisheni. Tuliangalia kwangu, kwa kuwa yangu ndiyo kubwa. Lutengano alivaa koti. Sekela alikaa karibu na mlango.

Ukumbi ulijaa mawaziri. Tumpe alisimama kwenye kijukwaa ili aonekane, amevaa sweta la shule na soksi nyeupe. Mwenyekiti wa Tume akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kukiamsha kitu, kama ni yeye aliyeacha wazi mlango wa Ghala la Taifa.

"Ni mimi, Mheshimiwa," Tumpe akasema. "Nilikuwa nakimbia, na nilishakatazwa."

Yalikuwa maneno yake ya siku ya chupa, yaleyale. Alikuwa ameyatunza muda wote huo, na sasa ameyatoa. Sekela aliinuka akatoka nje bila kuvaa kandambili. Lutengano hakugeuka, alikuwa ananionyesha kwa kidole lile chozi, jinsi lilivyotoka jicho moja tu.

"Umesamehewa!" wakaitikia mawaziri wote kwa pamoja, wakapiga makofi, na Waziri wa Maghala alipiga kwa muda mrefu kuliko wenzake. Tume ikafunga kazi. Waziri, kwa kuwa amethibitika hana kosa, akahamishiwa Wizara ya Mafuta, ambayo nayo ina maghala.

*

Msamaha unaweza kutolewa kwa amri, lakini unga hautolewi hivyo. Foleni za unga wa msaada zilizidi kuwa ndefu, na watu waliokuwa kwenye foleni walikuwa na televisheni pia.

Jumamosi moja asubuhi Sekela alimshika Tumpe mkono wakaenda kupanga foleni. Lutengano akanikaribisha chai wakati tunawasubiri. Alikuwa amechangamka, alikuwa amepata habari kwamba shule inataka kuandika jina la Tumpe ukutani. Akasimama kunionyesha herufi zitakavyokuwa kubwa, akatanua mikono, na kiwiko chake kikaikumba chupa ya chai. Ni ile mpya, ya maua ya bluu, ambayo Sekela aliinunua baada ya ile ya kwanza. Ilianguka kwenye sakafu ya saruji, ikalia mlio ule mmoja wa kioo cha ndani, na chai ikatambaa mpaka kwenye miguu yangu.

"Aisee," Lutengano akasema. "Sekela ataniua."

Hata hatujainama, mlango ukafunguliwa. Sekela aliingia bila unga. Kanga yake ilikuwa imechanika begani na nywele zimejaa vumbi. Tumpe alikuwa nyuma yake, ameshikwa mkono bado, sweta na shavu vimechafuliwa kwa tope lililorushwa na mtu.

"Wamemtambua," Sekela akasema. "Mama mmoja alisema ndiye huyu aliyetumaliza, aliyewafungulia panya. Nikasema si yeye, jamani, ni mtoto, hajawahi hata kufika kule. Wakamuuliza mwenyewe. Wakamuuliza, na yeye akawaambia ni yeye. Akawasimamia mikono nyuma, akawaambia vizuri kabisa. Wametusukuma mpaka barabarani."

Ndipo akaitazama sakafu, akaona chai, akaona vipande. Labda alikuwa anatafuta kitu kidogo cha kukasirikia, kinachomfaa.

"Na chupa yangu, nani kaivunja?"

Lutengano alifungua mdomo. Nilimwona akifungua, naapa alikuwa anataka kusema. Lakini Tumpe alikuwa ameshautoa mkono wake kwenye mkono wa mama yake. Akasogea mbele, akasimama kando ya vipande, mikono nyuma, macho chini.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilikuwa nakimbia, na ulishanikataza. Nimekukosea wewe, na nimewakosea wenzangu."

Chozi likatoka jicho la kulia, likashuka polepole kwenye tope la shavuni.

Sekela alimtazama mumewe. Kisha akanitazama mimi, niliyekaa hapo chai ikiwa imelowesha soksi zangu. Nilitazama dirishani. Nilijiambia kuwa hayo ni mambo ya ndani ya nyumba ya watu.

Mdomo wa Lutengano ulikuwa wazi bado. Nikaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umesamehewa, mwanangu," akasema.

Sekela akapiga magoti kwenye chai, akaanza kuokota vioo kwa mikono mitupu. "Nilikuwa nimemshika mkono," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Tangu asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono."

Tumpe hakutikisika. Alikuwa bado amesimama palepale, mikono nyuma, akisubiri tumpigie makofi.